Leza ya Kichwani na Kibodi Saidizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watumiaji wenyewe, wazazi, walezi, walimu na mafundi wanaowafungia watu vifaa. Hayakupangwa kwa uzito. Ukiwa na haraka, soma kwanza lile la daraja la 1 na daraja la 2 (madaraja ya nguvu ya leza), kwa sababu ndilo linalopuuzwa zaidi.

Kifaa chenyewe kinafanyaje kazi?

Leza ndogo hufungwa kwenye fremu ya miwani, kofia au mkanda wa kichwa. Mbele ya mtumiaji kunakuwa na kibodi maalumu ambayo kila kitufe chake kina kihisi cha mwanga. Mtumiaji anageuza kichwa mpaka doa la leza litue juu ya herufi anayoitaka, analituliza hapo kwa muda uliopangwa, na herufi inaingia. Kwa upande wa kompyuta hakuna jipya: inaona kibodi ya kawaida imebonyezwa.

Wanaofaidika ni watu ambao mikono imegoma lakini shingo bado inatii, hata kwa kiasi kidogo: waliojeruhiwa uti wa mgongo, wenye mtindio wa ubongo, waliopata kiharusi, wenye magonjwa yanayodhoofisha misuli. Kuna pia njia nyepesi zaidi isiyo na kompyuta, yaani ubao wa herufi uliochapishwa, ambapo mtumiaji anamulika herufi na mwenzake anasoma neno. Kanuni za usalama ni zilezile, isipokuwa kwamba hapa msomaji anakaa karibu sana na ubao na uso wake uko hatarini zaidi.

Je, leza hii inaweza kumpofusha mtu?

Ikiwa ni ya aina inayofaa na inatumiwa inavyofaa, hapana. Ikiwa si ya aina inayofaa, inaweza kuacha kovu la kudumu.

Watu wengi husikia "miliwati 1" na kucheka, maana taa ndogo kabisa ya chumbani hutumia umeme mwingi kuliko huo mara elfu kadhaa. Lakini mwanga wa taa husambaa kila upande, ilhali wa leza huenda kwa mwale mwembamba ulionyooka. Mwale huo ukiingia kwenye mboni, lenzi ya jicho huukusanya hadi nukta ndogo mno kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), na ukali wake hapo unakuwa umeongezeka takriban mara 100,000. Ubaya mwingine ni kwamba retina haina hisia ya maumivu. Mtu anaweza kuungua bila kusikia chochote, akaja kugundua baadaye kwamba katikati ya anachokitazama pana doa lisiloondoka.

Daraja la 1, 2, 3R: maana yake nini?

Hayo ni madaraja ya kiwango cha kimataifa cha usalama wa leza, IEC 60825-1, na yanapaswa kuandikwa kwenye kifaa. Kwa leza nyekundu inayotoa mwale mfululizo, daraja la 1 huishia karibu na miliwati 0.39 na huhesabiwa salama hata mtu akiutazama mwale kwa muda mrefu. Daraja la 2 huishia miliwati 1. Daraja la 3R hufika miliwati 5. Juu ya hapo ni 3B, kisha daraja la 4 linaloanzia nusu wati, na hayo mawili hayana nafasi yoyote kwenye kichwa cha mtu. Lebo za zamani za Marekani hutumia namba za Kirumi; ukiona IIIa, chukulia ni ndugu wa 3R.

Lebo yenye maneno ya jumla kama "salama kwa macho" bila kutaja daraja, nguvu na urefu wa wimbi (namba ya nanomita inayotambulisha rangi ya mwanga) haijakuambia kitu.

Kama daraja la 2 limeruhusiwa, mbona mnasisitiza daraja la 1?

Kwa sababu ya dhana iliyojificha ndani ya daraja la 2. Usalama wake umejengwa juu ya robo sekunde: inachukuliwa kwamba mtu akipigwa na mwanga mkali machoni atapepesa, atafumba au atageuza uso ndani ya sekunde 0.25, na mwale hautapata muda wa kudhuru. Kwa hiyo lebo ile inamzungumzia mtu anayeweza kufumba macho na kugeuka.

Sasa tazama chumba ambamo kifaa hiki hutumika. Kuna mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwenye kiti jirani, kichwa chake kimeegemezwa upande mmoja na hawezi kukigeuza kwa haraka. Kuna mgonjwa ambaye kope zake ni nzito au hazifungi kabisa. Kuna mtu aliyekunywa dawa za usingizi. Kuna kitoto kichanga kinachoshangaa kila king'aacho. Kwa watu hawa robo sekunde haipo. Hata kwa wenye afya, majaribio ya maabara yaliyofanywa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionyesha kwamba chini ya mtu mmoja kati ya watano ndio waliopepesa kwa wakati walipomulikwa na leza.

Upande wa mtumiaji nao una tatizo lake. Mwalimu mwenye kalamu ya leza mkononi akimmulika mtu kwa bahati mbaya, anaachia kitufe na imekwisha. Mwenye leza kichwani hana kitufe cha kuachia. Anaweza kushikwa na mkazo wa misuli na kichwa kikakwama kikielekea pale pale asipotaka.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: mahali penye watu wasioweza kujikinga, tumia daraja la 1 tu. Daraja la 2 linafaa kwa mtu anayefanya kazi peke yake au na wenzake wenye uwezo wa kugeuka, chumba kikiwa kimepangwa. 3R usiitumie. Kuna wauzaji watakaokuambia kwamba majeruhi wa 3R ni nadra, na ni kweli kwa kalamu ya mkononi. Hii si ya mkononi.

Nina kalamu ya leza ya kawaida. Naweza kuifunga kwenye kofia?

Tafadhali usifanye hivyo. Sababu ya kwanza ni kitufe. Kalamu nyingi huwaka tu ukiwa umekibonyeza, na huo ni ulinzi uliowekwa makusudi. Ukikikaza kwa utepe wa gundi au mpira ili iwake muda wote, umeuondoa.

Sababu ya pili ni kwamba lebo za kalamu za bei nafuu haziaminiki. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza matokeo ya kupima kalamu 122 za leza. Karibu asilimia 90 ya za kijani na asilimia 44 hivi ya nyekundu zilikuwa nje ya kanuni za usalama za nchi hiyo. Yaani unaweza kununua iliyoandikwa chini ya miliwati 5 ukapata ya 20, na kwa jicho tupu hutaona tofauti ya kukutahadharisha. Baadhi ya nchi zimekaza zaidi. Australia, kwa mfano, imezuia kuingiza vielekezi vya leza vinavyozidi miliwati 1 bila kibali tangu 2008.

Ikiwa fedha ni tatizo, anza na ubao wa herufi na taa ndogo ya LED yenye lenzi. Doa lake si kali kama la leza, lakini kwa umbali wa nusu mita linatosha kabisa kuonyesha herufi kubwa.

Nyekundu au kijani?

Nyekundu. Kijani huvutia kwa sababu jicho huiona vizuri zaidi: kwa nguvu ileile, mwale wa nanomita 532 huonekana kuwa mkali takriban mara nane kuliko nyekundu ya nanomita 650. Lakini leza nyingi za nanomita 532 hutengeneza kijani kutokana na mwanga wa infraredi, na zile za bei nafuu hazina kichujio, hivyo infraredi huvuja pamoja na kijani. Infraredi haionekani, na jicho halikwepi lisichokiona.

Mtumiaji akilalamika kwamba nyekundu yake imefifia, usikimbilie kuongeza nguvu. Tafuta ya nanomita 635 badala ya 650. Huonekana kali karibu mara mbili, ilhali nguvu ni ileile na daraja ni lilelile. Hakikisha tu kwamba vihisi vya kibodi yako vinaipokea.

Kibodi iwekwe wapi?

Mahali ambapo mwale ukikosa kibodi utaishia kwenye kitu kisicho na macho. Ukuta mtupu usiong'aa nyuma ya kibodi ndio bora kuliko vyote. Mtumiaji aelekee ukutani, mlango uwe nyuma yake au ubavuni, na watu wamwendee kutoka kando. Wengi hupanga kinyume kwa nia njema: wanamweka akitazama chumba ili asijisikie ametengwa. Matokeo yake kila anayeingia anapita mbele ya mwale. Kama kutazama watu ni muhimu kwake, na mara nyingi ni muhimu, pandisha ukuta mdogo wa kadibodi au kitambaa kizito nyuma ya kibodi, mpana kuliko kibodi kwa pande zote.

Kama inawezekana, laza kibodi kidogo ili mwale uelekee chini. Kibodi iliyosimama wima hufanya mwale uende sambamba na sakafu, na kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu kimo hicho ndicho cha macho ya mtoto mdogo anayetembea.

Umbali nao una hesabu yake. Kibodi yenye upana wa sentimita 30 ikiwa sentimita 60 kutoka kichwani, shingo inahitaji kugeuka digrii 14 hivi kila upande ili kufika pembeni. Ukiisogeza hadi mita 1, inatosha digrii 8 na nusu. Shingo dhaifu itafurahia umbali huo, lakini mtetemo utakua: digrii moja ya kutikisika ni sentimita 1 tu kwa umbali wa sentimita 60, na sentimita 1.7 kwa mita moja. Jaribuni polepole, sentimita tano tano, mtumiaji mwenyewe akiamua.

Vioo na skrini je?

Kioo cha kujitazamia ni adui, kwa sababu hurudisha karibu mwale wote ukiwa bado mwembamba na umenyooka. Kiondoe au kifunike. Ndivyo ilivyo pia kwa chuma kilichosuguliwa, saa ya mkononi ya mlezi, vikombe vya chuma, mapambo yenye kung'aa na mgongo wa simu. Kioo cha kawaida kisicho na mipako, kama cha skrini, hurudisha takriban asilimia 4 tu mwale ukigonga moja kwa moja, kwa hiyo leza ya miliwati 1 inabaki na 0.04 na haina shida. Mwale ukiipiga kwa ubavu sana kiasi hicho hupanda, ndiyo maana tunapendelea skrini isiyong'aa.

Doa lenyewe juu ya karatasi au plastiki isiyong'aa unaweza kulitazama kutwa nzima, maana mwanga umeshatawanyika.

Binti yangu akiitwa hugeuka papo hapo, na leza inamulika uso wa aliyemwita. Tufanyeje?

Hili ndilo tukio la kawaida kuliko yote, na si kosa lake. Mtu akitajwa jina, kichwa hufuata sauti, ndivyo tulivyoumbwa. Bahati mbaya leza inafika kabla ya tabasamu.

Badilisheni tabia ya wanaoita. Anayekuja asimame ubavuni, karibu na bega, aseme "ngoja kidogo kwenye kibodi" kabla ya kutaja jina, au aguse meza ili mtumiaji azime leza kwanza. Watu wa nyumbani huzoea upesi. Wageni huwa wasahaulifu, kwa hiyo karatasi yenye maandishi makubwa mlangoni husaidia.

Ikiwezekana, pata mfumo ambao leza yake hujizima au hufifia yenyewe kila inapotoka kwenye eneo la kibodi. Vipo, na kwa mtoto aliyechangamka hiki ndicho kigezo cha kwanza cha kununulia, hata kabla ya idadi ya vitufe.

Darasani tuna watumiaji wawili.

Wasitazamane. Waelekee kuta tofauti, au wakae mgongo kwa mgongo na kizuizi katikati. Madoa ya rangi moja kwenye ubao mmoja pia huchanganya, kwa hiyo hata bila suala la macho ni vizuri kuwatenganisha.

Nani anapaswa kuwa na swichi ya kuzima?

Mtumiaji mwenyewe, kwanza. Karibu kila mtu ana msuli mmoja unaoweza kubonyeza swichi: goti, shavu, kidevu, kidole cha mguu. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo atausaka mpaka aupate. Swichi ya pili iwe kwa msaidizi, mahali panapofikika bila kumpita mtumiaji kwa mbele.

Hapa naongeza neno ambalo haliko kwenye vitabu vya maelekezo. Kwa mtu asiyeweza kusema, leza ndiyo mdomo wake. Kumzimia katikati ya sentensi kwa sababu unataka kupita ni sawa na kumfunika mtu kinywa kwa kiganja. Kukiwa na hatari ya kweli, zima mara moja na ueleze. Pasipo hatari, subiri amalize neno.

Wasaidizi wavae miwani ya kujikinga?

Kwa daraja la 1 na 2, hapana. Miwani hiyo huchuja rangi ya leza, hivyo mvaaji hataliona doa na hatajua mwale uko wapi. Ukijikuta unahitaji miwani ya kujikinga, leza yako ni kubwa mno.

Wakati wa kumvalisha kuna tahadhari gani?

Leza iwe imezimwa mpaka iwe imekaa kichwani na imeelekea kwenye kibodi, na izimwe kabla ya kuvuliwa. Wakati wa kurekebisha pembe, mtu mmoja asimame nyuma akishika kifaa, mwingine atazame doa kwenye karatasi. Usichungulie tundu la leza kuona kama inawaka. Inaonekana ni ushauri wa kipuuzi, lakini ni jambo linalofanywa kila mara na watu wenye akili timamu. Mulika kiganja chako.

Shingo inamuuma baada ya muda mfupi.

Angalia uzito kwanza, na hasa mahali uzito huo unapokaa. Leza nyepesi iliyotundikwa mbali mbele ya paji huvuta shingo kuliko nzito kiasi iliyokaa karibu na sikio. Betri ikiwezekana iwe nyuma ya kichwa au kwenye kiti, ikiunganishwa kwa waya mwembamba ambao hautanaswa kwenye mkono wa kiti. Kisha angalia kibodi: ikiwa chini mno, anainamisha kichwa muda wote. Katikati ya kibodi iwe pale doa linapoangukia yeye akiwa ametulia, asijilazimishe.

Uchovu pia ni suala la usalama. Shingo iliyochoka hupeleka doa kila mahali.

Herufi zinajirudia au zinaingia zisizotakiwa.

Muda wa kutua ni mfupi mno. Anayeanza apewe sekunde moja na nusu au mbili, apunguziwe kadiri anavyozoea. Jua likipiga moja kwa moja juu ya kibodi, vihisi vinaweza kushindwa kulitofautisha na doa. Geuza meza au funga pazia. Paka nao wana maoni yao kuhusu doa jekundu linalotembea, na kibodi huumia.

Betri?

Leza nyingi za kichwani hutumia betri bapa ndogo kama sarafu. Hatari yake kwa watoto wadogo ni kubwa kuliko ya mwale wenyewe. Betri ya lithiamu ya milimita 20 ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza umio vibaya ndani ya saa mbili. Kifuniko kiwe cha skrubu, za akiba zifungiwe, na zilizokwisha zisiachwe mezani kwani bado zina nguvu ya kudhuru. Ukishuku mtoto amemeza, nenda hospitali mara moja bila kungoja dalili.

Mtu amemulikwa machoni. Nifanye nini?

Zima leza. Mwambie asisugue macho. Malalamiko mengi ya macho kuwasha na kuwa mekundu baada ya kumulikwa hutokana na kusugua, wala si leza. Kuona doa linaloelea kwa dakika chache ni kawaida, kama baada ya kutazama mmweko wa kamera. Afunike jicho moja, atazame karatasi yenye mistari ya miraba, kisha jicho la pili. Mistari ikionekana imepinda, ikikatika katikati, au doa likiendelea kwa saa kadhaa, aende kwa daktari wa macho akiwa na kifaa chenyewe au picha ya lebo yake.

Kwa asiyeweza kujieleza, usisubiri alalamike. Ukijua amemulikwa kwa muda mrefu kuliko kupita tu, au ukimwona ameanza kutazama vitu kwa pembe ya jicho, mpeleke akapimwe.

Anaweza kwenda nayo nje au garini?

Avae, lakini iwe imezimwa. Ndani ya gari mwale humfikia dereva kupitia kioo cha kuonea nyuma. Nje, leza ikielekea juu au barabarani huwa ni suala la sheria pia: Marekani iliifanya kumulika ndege kuwa kosa la jinai la shirikisho mwaka 2012, na Uingereza ikapitisha sheria mwaka 2018 inayohusu magari na vyombo vingine vya usafiri. Mkikaa sehemu moja nje, kibanda chenye ukuta mbele kinafaa, mradi kuwe na kivuli cha kutosha vihisi vifanye kazi.

Kuna njia isiyo na leza kabisa?

Zipo kadhaa. Kamera inaweza kufuata kidoa kinachoakisi kilichobandikwa kwenye paji na kusogeza kishale kwenye skrini. Mwanga wake wa infraredi ni hafifu na hutoka kwenye kompyuta, si kichwani. Kuna vifaa vinavyofuata mwendo wa jicho, vizuri kwa ambao hata shingo haigeuki, ingawa huchosha na husumbuliwa na jua. Kuna swichi moja na programu inayopitia herufi kwa zamu.

Wengi wanaobaki na leza hubaki nayo kwa sababu moja: hawahitaji kutazama skrini ili kujua wanaandika wapi, maana herufi ziko mezani, hazihami. Kabla ya kuchagua, mpe mtumiaji kila kimoja kwa siku kadhaa za kazi halisi, si dakika kumi za maonyesho ya muuzaji, na umwangalie jioni amechoka kiasi gani.